Mkishazoeana: kujikinga na VVU ndani ya penzi la wanaume wawili

Mgeni wa usiku mmoja huogopwa. Ukimpata kwenye simu, au mkikutana kwenye klabu ya Mtwapa, mkono unaitafuta kondomu wenyewe. Anayeifanya isahaulike ni yule unayempikia, yule aliyeacha mswaki wake bafuni kwako, yule ambaye mama akipiga simu humwulizia: "Na yule rafiki yako mpole, hajambo?"

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya maambukizi miongoni mwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume katika miji 5 ya nchi hiyo. Walikadiria kwamba asilimia 68 ya maambukizi yalitoka kwa mpenzi mkuu wa mtu, wala si kwa mpita njia. Hii haina maana kwamba wapenzi ni waongo kuliko wageni. Ila na mpenzi wako mnalala mara nyingi zaidi, kinga mnaiacha mapema, na ni rahisi zaidi kumpokea yeye mwilini kuliko mtu usiyemjua. Ukijumlisha hayo matatu, hatari inahama kutoka barabarani na kuja kukaa chumbani kwako.

Kwetu Pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wanaume wa Mombasa na viunga vyake ulikuta VVU kwa asilimia 43 ya waliolala na wanaume pekee, na asilimia 12 hivi ya waliolala na wanaume na wanawake. Wengi kati yao walikuwa wakiuza ngono, kwa hiyo usiichukue kama picha ya kila kijana. Ila unapoanza penzi jipya hapa, unaanza mahali ambapo virusi tayari vimo, na havijali kama mwenzako ni mpole.

Basi mwongozo huu ni wako wewe uliyetimiza miaka 18 na una mtu, au unakaribia kuwa naye. Mengi yaliyoandikwa kwa ajili yetu humzungumzia mtu mwenye wapenzi kumi. Mwenye mmoja huachwa ajisimamie.

Siku kondomu inapoachwa

Hakuna anayeamua kuiacha. Usiku mmoja zinakwisha, duka limefungwa, mnaendelea. Mara ya pili iko kwenye droo lakini hakuna anayeinyanyukia. Ikifika mara ya tatu, ukiitaja tu unakuwa kama umemtuhumu mtu, na jibu unalijua: "Kwani huniamini?"

Swali hilo limewaambukiza vijana wengi kuliko pombe, kwa maoni yangu, kwa sababu halina jibu zuri ukingojea kuulizwa. Ukisema unamwamini, umefunga mjadala. Ukisema humwamini, umeharibu usiku. Dawa yake ni kuwahi, na kuanza na nafsi yako. Msiongee kitandani, wala mkiwa mmelewa. Ongeeni mnapokata vitunguu, au mnaporudi kwa miguu kutoka sokoni, mahali ambapo macho hayalazimiki kukutana:

"Tangu tuanze sijapima. Nataka niende wiki hii, na ningependa twende wote."

"Una wasiwasi na mimi?"

"Nina wasiwasi na mimi. Kabla yako palikuwa na watu, na wewe unajua."

Akikubali, mmeshinda. Akinuna, mwache anune, ila kondomu irudi mpaka siku atakapokuwa tayari. Akikutisha, akikunyima pesa ya chakula au akitaka kukupiga kwa sababu umetaja kupima, hapo umeshapata jibu la swali lingine kubwa zaidi.

Kisha kuna jambo ambalo wapenzi wengi hulikwepa kwa miezi: sisi ni wawili tu, au la? Kila mmoja hudhani wamekubaliana, kumbe kila mmoja anashika makubaliano yake. Wewe unajua hamna mtu mwingine. Yeye anajua hamna mtu mwingine wa kupendwa, lakini akisafiri kikazi Nakuru hiyo ni hesabu nyingine. Ulizaneni kwa maneno mafupi. Na msiishie kwenye ahadi, ongezeni kipengele cha siku ahadi itakapovunjika. Mimi napenda makubaliano ya namna hii: "Nikiteleza nitakwambia, tutarudi kwenye kondomu mpaka tupime, na hutaniuliza jina lake." Wengi huona kipengele hicho kinamkaribisha mchepuko. Naona kinyume. Asiyekuwa na njia ya kusema atanyamaza, na kunyamaza ndiko kunakoleta virusi nyumbani.

Kupima pamoja, hatua kwa hatua

Kipimo cha haraka cha damu ya kidole hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya virusi, na mwili huchukua muda kuwatengeneza. Ukiambukizwa Jumamosi hii, kipimo hicho kinaweza kusema huna kwa muda wa hadi miezi 3. Kwa hiyo kupima mara moja na kutupa kondomu usiku huohuo ni kujidanganya. Utaratibu unaofaa: pimeni wote, tumieni kondomu au PrEP (dawa ya kujikinga, nitaieleza hapa chini) kwa miezi 3 bila mtu mwingine kuingia kati, pimeni tena, halafu ndipo mkae mzungumze kama mnaiacha.

Kama kwenda kituoni mkiwa wanaume wawili kunawapa hofu, kuna kipimo cha kujipima mwenyewe. Serikali ya Kenya ilianza kukipigia debe mwaka 2017 na maduka mengi ya dawa hukiuza. Kile cha mdomoni hakihitaji damu. Usile wala kunywa chochote kwa dakika 15 kabla. Unapitisha kijiti juu ya ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji yake, unakiacha kisimame. Baada ya dakika 20 unasoma, na zikipita 40 usikiamini tena. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake kipimo kimefanya kazi na hakikuona kitu. Mistari miwili, C na T, hata ule wa T ukiwa hafifu kama umechorwa kwa penseli iliyoisha, ni lazima uende kituoni kuthibitisha kabla hujajipa jina lolote. Pasipokuwa na mstari kwenye C, kipimo kimeharibika.

Dakika 20 hizo ni ndefu. Kabla ya kufungua pakiti, ambianeni mtafanya nini ikiwa chako kitasema hivi na chake vile: nani atampigia nani, mtalala wapi usiku huo, kesho asubuhi mtakwenda kituo gani. Wapo waliopigana juu ya meza yenye vijiti viwili kwa sababu hawakuwahi kulifikiria hilo. Majibu tofauti hayaonyeshi nani alimletea nani. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka bila kujua.

Tahadhari moja zaidi: mtu anayetumia ARV, dawa za kudhibiti VVU, anaweza kupata jibu la "huna" kwenye kipimo cha mdomoni ilhali anaishi na VVU. Kwa hiyo usikitumie kumchunguza mpenzi. Na usimlazimishe mtu: sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU inakataza kumpima mtu kwa nguvu.

Kile kichupa kinacholia

PrEP ni dawa anayomeza asiye na virusi ili asiambukizwe. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa katika nchi 6 ulionyesha kwamba inawakinga wanaume wanaolala na wanaume, na waliokingwa hasa ni wale waliomeza kweli, si waliokichukua kichupa wakakiweka. Kenya iliiingiza kwenye vituo vya serikali Mei 2017. Unapimwa kwanza, kwa sababu ukiianza ukiwa tayari na virusi unaweza kuvifundisha kuishinda dawa. Unapimwa pia homa ya ini aina ya B, na mara nyingi figo.

Kwa wanaume kuna njia mbili. Ya kwanza ni kidonge kimoja kila siku. Ya pili ni ya tukio: vidonge 2 kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile viwili, na kingine saa 24 tena baadaye. Mkiendelea kukutana, unaendelea na kimoja kwa siku mpaka siku 2 zipite tangu mara ya mwisho. Utafiti wa Ufaransa na Kanada uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta njia hiyo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 86, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2019. Mwenye homa ya ini B asiifuate njia ya tukio. Kwa anayeishi na mpenzi wake nyumba moja, ushauri wangu ni cha kila siku. Penzi la nyumbani halitoi taarifa saa 2 kabla.

Zipo pia sindano: kabotegraviri kila baada ya miezi 2, na lenakapaviri mara mbili tu kwa mwaka, ambayo Marekani iliidhinisha Juni 2025 na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata. Uliza kituoni kama zimefika kwenu.

Shida ya vidonge kwa walio wawili ni kichupa chenyewe. Kinafanana na cha ARV, na kinalia. Ukipanda matatu, ukitupa begi kitandani, kinatoa sauti ya njugu. Wengi hukijaza pamba, au huhamishia vidonge vya siku chache kwenye kikasha kidogo. Lakini mpenzi atakiona tu siku moja, na atawaza mojawapo ya mambo mawili: una virusi ukamficha, au una mtu wa nje. Mwambie kabla hajakiona. "Natumia PrEP tangu kabla hatujakutana, na nitaendelea mpaka tupime wote mara ya pili" ni sentensi ndogo inayookoa ugomvi mkubwa. Ikiwezekana, mezeni wote wawili baada ya chakula cha jioni, hakuna anayemlinda mwenzake peke yake.

Mmoja wenu akiwa na VVU

Hapa ndipo habari njema ilipo, na inashangaza ni wangapi bado hawajaambiwa. Mtu anayemeza ARV vizuri hadi kiwango cha virusi kwenye damu kisionekane kwa kipimo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa ngono. Utafiti uliofanywa Ulaya na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuata wapenzi wa kiume jozi 782, mmoja akiwa na virusi vilivyodhibitiwa na mwenzake hana. Walihesabu matendo 76,088 bila kondomu. Maambukizi kutoka kwa mpenzi kwenda kwa mpenzi yalikuwa sifuri. Wanaume 15 waliambukizwa katika muda huo, na uchunguzi wa virusi vyenyewe ulionyesha vilitoka kwa watu wa nje ya jozi.

Yaani mpenzi anayejua ana VVU, anayemeza dawa na kuonyesha karatasi ya kipimo cha virusi, ni salama kuliko mrembo wa mtandaoni anayeandika "niko safi" ilhali alipima mwaka juzi. Tunawakimbia wa kwanza tunawakumbatia wa pili.

Ukiwa wewe ndiye uliye na virusi, chagua siku ya kusema, mahali pa kusema, na mtu wa tatu anayejua uko wapi. Ukiwa wewe ndiye uliyeambiwa, usiulize "nani alikupa?" Uliza anameza tangu lini na kipimo chake cha mwisho kilisemaje. Mpaka ithibitishwe virusi havionekani, PrEP na kondomu zipo.

Wewe mwenye mke, mchumba au mpenzi wa kike

Nyumba inauliza harusi lini, shangazi ameshapata binti Malindi, na wewe moyo wako uko pande mbili au umeshabanwa upande mmoja. Sitakuhubiria. Ila yupo mwanamke ambaye hakukaa kwenye mazungumzo yenu ya kukata vitunguu, na hajui kwamba ana cha kuuliza. PrEP ya kila siku ni ulinzi unaoweza kumpa bila kufungua kila mlango wa maisha yako. Akienda kliniki ya wajawazito atapimwa, na mume huitwa pia. Usingoje siku hiyo ndiyo iwe mara yako ya kwanza kupimwa. Na mpenzi wako wa kiume anastahili kujua kwamba yupo mwingine, kwa kuwa makubaliano ya "wawili tu" mkiwa watatu hayakingi yeyote.

Yule anayejiita basha na kuamini kwamba anayeingiza haambukizwi, alisikie: anayepokea yumo hatarini zaidi ya mara 10 kuliko anayeingiza kwa kila tendo, ni kweli. Lakini hatari ya anayeingiza si sifuri, na anayefanya kila wiki hujumlisha.

Mambo ya haraka

Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni huharibu kondomu za mpira kwa dakika chache, nazo hupasuka. Tumia kilainishi cha maji au cha silikoni. Mate hukauka haraka.

Kondomu ikipasuka na humezi PrEP, kuna PEP: dawa za siku 28 zinazoanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Usingoje Jumatatu. Nenda idara ya dharura ya hospitali hata iwe usiku wa Idi.

Kisonono, klamidia na kaswende huweza kukaa kooni au kwenye njia ya haja kubwa bila dalili yoyote, na PrEP haizizuii. Mkojo pekee hautaonyesha kilicho kooni, kwa hiyo mwambie mhudumu sehemu zipi za kupima. Chanjo ya homa ya ini B ipo, iombe.

Kituoni, na simu mfukoni

Zamani tulikuwa tukielekezana kwenye vituo vyetu vya rika, ambako hukulazimika kueleza lolote. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, vingi vilifunga au vikapunguza siku, na agizo la mwezi uliofuata likaruhusu PrEP ya fedha hizo kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Ukikuta mlango wa zamani umefungwa, usiache dawa. Hospitali za serikali zina kliniki yao ya VVU, wengi tunaiita CCC, na huduma hizo siku hizi huchanganywa na za wagonjwa wengine. Huna haja ya kumsimulia karani maisha yako. "Mpenzi wangu sijui hali yake, nataka PrEP" inatosha kukufikisha kwa mhudumu. Ndani, mlango ukishafungwa, ukimwona ni mtu wa kuaminika, mweleze zaidi ili akupime panapostahili. Ukimwona anaanza mahubiri, chukua dawa zako, na mara ijayo omba mwingine.

Woga huo hautokani na hewa. Februari 2010 umati ulivamia kliniki ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Mtwapa kwa uvumi tu wa harusi ya wanaume. Sheria ya Kenya bado inatishia kifungo cha miaka 14 kwa ngono ya wanaume wawili, na Mahakama Kuu iliibakisha Mei 2019. Tanzania ni miaka 30 hadi maisha. Hata hivyo, Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iliamua kwamba kumlazimisha mtu kukaguliwa njia ya haja kubwa ili kupata ushahidi ni kinyume cha Katiba. Polisi akikutajia kitu hicho, usikubali, dai wakili.

Wa kukutana naye mtandaoni, mwone kwanza kwa video, kisha mahali penye watu, na mwachie rafiki jina la mtaa. Wanaotegea watu ili wawatoze pesa hupenda kuharakisha kwenda nyumbani. Picha zisiwe na uso na mwili pamoja.

Mkiachana

Penzi likivunjika, hakuna anayekumbuka mambo ya kliniki. Ndiyo maana nayaandika. Usiache PrEP siku ya kuachana kwa kudhani huna mtu tena. Majuma yanayofuata, ya upweke na pombe, huwa na watu wengi kuliko unavyotarajia. Pima sasa, pima tena baada ya miezi 3. Kama mlikuwa mnachukua dawa kwa pamoja, gawaneni vichupa kila mmoja abaki na vyake, na kama tarehe yako ya kliniki ilikuwa kwenye simu yake, nenda ukaiulize upya.

Na kama unajua hali yake ya VVU, imebaki kuwa yake. Sheria ileile ya mwaka 2006 inakataza kutoa matokeo ya mtu bila ridhaa yake kwa maandishi, hata uwe umeumizwa vipi. Akikutishia kwamba atakutangaza wewe, hifadhi ujumbe wake wote na usilipe hata shilingi, kwani anayelipwa mara moja hurudi. Peleka ushahidi huo kwa shirika la wanasheria linalotetea haki za watu wetu kabla ya kuupeleka polisi.